Pikipiki ya Twagirimana

Goma, Mapendo, 9 Juni 2025

Papa mukubwa Harelimana,

Nakusalimu wewe, mama Héritière, mwanao Gradi na wote wa hapo Kilolirwe. Sisi huku tuko wazima. Mtoto wangu ameota meno mawili na hatulali. Florent naye anakusalimu. Ndiyo, namtaja kwa jina, kwa sababu ni mume wangu hata kama wewe hutaki kumwita hivyo. Shangazi Pascasie ametoka kambini Kanyaruchinya na kurudi shambani kwake, akakuta mlango wa nyumba umeng'olewa pamoja na bawaba zake. Barua hii nampa mama Annonciata, yule muuza jibini, maana simu yako haipatikani tangu antena ya huko ilipokufa.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Juma lililopita ulishuka Goma. Ulilala Katindo kwa watu wasio wa ukoo wetu, kisha ukapita hapa Mapendo mchana kweupe, mbele ya kibanda changu, Gradi akiendesha na wewe umekaa nyuma kwenye pikipiki uliyotoka kuinunua. Gradi alinipungia mkono. Wewe ulitazama mbele.

Papa mukubwa, mimi nauza vipuri vya pikipiki. Watu wa Rutshuru wasionijua hata jina hunijia hapa niwaangalizie pikipiki ya mkono wa pili kabla hawajatoa pesa. Ndugu wa baba yangu mzazi ananunua yake na kunipita kama nguzo ya umeme! Majirani wameniuliza, "Ule muzee si ni wa kwenu?" Nimewaambia sikujui. Nina hasira, na sitaki kuificha.

Ungesimama ningeweka mkono kwenye injini kabla ya mwenye nayo kuiwasha. Ikiwa tayari ina joto, ujue aliiwasha alfajiri ili usione taabu yake ya kuamka. Ningengoja ipoe, aiwashe, nisimame nyuma nitazame moshi, maana ukiwa wa bluu injini inakula mafuta yake yenyewe. Ningepitisha kidole kwenye yale mabomba mawili ya mbele yanayoshika gurudumu, kidole kikitoka na mafuta basi mawe ya Goma yameshayamaliza. Ningesoma namba iliyopigwa kwenye shasi na kuilinganisha na ile ya kwenye carte rose, kadi yake ya umiliki, herufi kwa herufi. Halafu ningeinua tangi, apende asipende, nitazame shingo ya shasi pale usukani unapoingia. Pikipiki ikigongwa huvunjika hapo. Hapo ndipo watu huchomelea, wakapaka rangi na kuileta sokoni.

Wewe ulitazama nini? Niandikie, nami nijue.

Bénita, binti wa ndugu yako


Kilolirwe, 2 Julai 2025

Bénita,

Salamu zako zimefika, nami nakurudishia zangu. Mama yako mkubwa anaumwa magoti lakini anatembea. Viazi vimeoza kidogo kwa mvua. Yule ng'ombe mwekundu ana mimba. Mtoto wako mpake asali kwenye ufizi. Huyo mwanaume wa nyumbani kwako atasikia salamu zangu siku atakayokuja kwetu na wazee wake, kama wanaume wengine wanavyofanya.

Unaniuliza kwa nini sikusimama. Ningesimama wapi? Kwenye kibanda ambapo binti wa mdogo wangu Habumugisha amekaa kati ya wanaume, mafuta machafu hadi kwenye viwiko? Mdogo wangu alikufa akifikiri amekuacha kwenye mikono mizuri. Sikutaka Gradi aone.

Na unaniuliza nilitazama nini. Nilitazama kile baba zetu walichotazama, kwamba kitu kinatoka kwa nani. Pikipiki ni ya Twagirimana, niliyelala kwake Katindo. Wewe ulikuwa mdogo, hujui. Mwaka ule ng'ombe wangu wote walipochukuliwa, zizi likabaki matope tu, watu walikuja kunipa pole na kwenda zao. Twagirimana peke yake alikuja na kamba mkononi, na kwenye kamba kulikuwa na mtamba. Alinipa. Nusu ya ng'ombe walio hapa ni uzao wa yule. Mtu aliyekupa ng'ombe hukagui kitu chake mbele ya macho yake. Ukikikagua umemwambia yeye ni mwizi, na ng'ombe aliyekupa umemtemea mate. Ulitaka nimwambie mtu huyo ainue tangi? Ulitaka niiname na kunusa bomba lake la moshi, huku mkewe ananiletea chai?

Nilimwuliza aliyekuwa anaipanda ni nani. Akasema ni mwanawe, na kwamba mwanawe amekwenda Kampala. Tukashikana mikono. Ikatosha.

Tena pikipiki ni nzuri. Gradi anabeba bidoni nne za maziwa, anafika kwa watengeneza jibini kabla jua halijapanda, na maziwa yetu hayarudishwi tena kwa kuganda. Mama yake anasema tangu apate pikipiki anaimba asubuhi. Ina tabia moja tu, ukiulegeza usukani inavuta kushoto, kama ng'ombe anayetafuta njia ya malisho yake ya zamani. Gradi anaishikilia kwa mkono wa kulia. Itazoea.

Usiniandikie tena kwa ulimi ule.

Baba yako mkubwa,
Harelimana


Goma, 15 Julai 2025

Papa mukubwa,

Mtoto hajambo, ufizi umepoa, asante kwa asali. Florent amepata kazi ya kupakua saruji bandarini. Mama Annonciata amenisubiri nimalize kuandika na amekasirika kwa kuwa jibini yake inatoa jasho juani, kwa hiyo sitazunguka.

Itazoea! Niliisoma mara mbili nikidhani sikuelewa. Pikipiki haina malisho ya zamani. Haizoei kitu. Pikipiki inayovuta upande mmoja ina shasi iliyopinda, na shasi haipindi kwa upepo. Iligongwa. Mwambie Gradi ashuke leo. Nasema leo, wala si baada ya kumaliza maziwa ya juma hili.

Kisha fanyeni hivi. Kuna boliti moja nyuma ya tangi, chini ya kiti. Ifungueni, tangi litainuka. Chukueni msumari mkwaruze rangi kwenye shingo, pale nilipokwambia. Ikiwa chini ya rangi chuma ni laini, hakuna neno, nitakuomba radhi kwa magoti. Ikiwa kuna kovu nene lenye matuta kama nta ya mshumaa, basi hiyo pikipiki ilishakatika na ikaunganishwa, nayo itakatika tena kwenye mteremko ikiwa na mzigo. Unajua njia ya kwenda kwa watengeneza jibini ilivyo. Bidoni nne zikiwa nyuma, Gradi atakuwa wa kwanza chini.

Na jambo lingine, ingawa hutalipenda. Mtoto wa Twagirimana hakwenda Kampala. Nimemwona mwenyewe Birere, ananunua soli za viatu. Ana kovu jipya kutoka sikio hadi kidevu na mkono mmoja haukunjuki. Sikumwuliza chochote. Mtu mwenye macho haulizi.

Wewe unamwonea haya Twagirimana. Yeye hakukuonea haya wewe. Mrudishie pikipiki yake. Kama huwezi kusema, nitakwenda Katindo kusema mimi, na mafuta yangu machafu hadi kwenye viwiko.

Bénita


Kilolirwe, 28 Agosti 2025

Bénita,

Tuko wazima kwa neema ya Mungu. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, mwenye doa jeupe kwenye paji. Mama Héritière anakusalimu. Héritière mwenyewe anakusalimu, anajiandaa kurudi shuleni. Jirani yetu Byiringiro anakusalimu, na mkewe, na mama mkwe wake aliyetoka Vitshumbi na samaki wakavu. Paroko amepata baiskeli. Viazi vya mlima wa juu vimekomaa vizuri.

Maziwa sasa yanabebwa kichwani. Pikipiki imepumzika.

Usikanyage kwa Twagirimana. Ukikanyaga, usiseme tena wewe ni wa nyumba hii. Mambo ya pikipiki yamekwisha, sitaki kuyasikia.

Harelimana


Goma, 6 Septemba 2025

Papa mukubwa,

Hongera kwa ndama. Hongera kwa paroko na baiskeli yake.

Umenisalimia kwa niaba ya mama, ya Héritière, ya Byiringiro, ya mkewe, ya mama mkwe wa Byiringiro ambaye sijawahi kumwona tangu nizaliwe. Gradi yuko wapi?

Barua yako ya Julai ilikuwa Gradi kila mstari, Gradi anabeba, Gradi anaimba. Hii haina Gradi hata mara moja. Nilimshika mama Annonciata mkono pale sokoni nikamwuliza. Akaanza kupanga jibini yake upya, moja baada ya nyingine, na ilikuwa imeshapangwa. Akaniambia, "Mama, miye ninauzishaka fromage tu. Ulizia papa yako." Nimekuuliza basi.

Sikulala. Florent ameniambia twende, yuko tayari kupanda huko hata ukimfukuza getini. Ikiwa mama Annonciata atarudi bila jibu, tutakuja sote watatu, na mtoto mgongoni. Mbele ya jirani zako nitauliza kwa sauti kilichompata Gradi. Unanijua. Sina haya kama zako.

Bénita


Kilolirwe, 30 Septemba 2025

Bénita,

Salamu. Mama yako mkubwa haumwi.

Anayekupa barua hii ni Gradi mwenyewe. Ameteremka na lori la viazi. Alianguka kwenye mawe akikusanya ng'ombe wakati wa mvua. Mzee wa kuunga mifupa alimfunga mianzi, mguu umeshika, lakini umeshika vibaya, kama unavyouona. Hawezi kupanda mlima. Kijana asiyepanda mlima huku ni wa kukaa na wanawake jikoni.

Mpeleke kwa daktari anayejua mifupa. Nimempa jogoo na kipande cha jibini ili asije mikono mitupu. Nakutumia mtoto wangu kwa sababu sina mwingine mjini wa kumtumia. Usidhani kuna sababu nyingine.

Usimwulize mambo ya pikipiki. Hana la kusema.

Harelimana


Goma, 11 Oktoba 2025

Papa mukubwa,

Gradi amefika. Jogoo alifika pia, na mtoto anamwogopa. Salamu nimezipokea. Leo sitarudisha zangu, labda mwishoni.

Tumekwenda hospitali. Daktari alimwuliza, "Ulivunjika namna gani?" Gradi akasema, "Ni ngombe njo alinipiga." Wewe unasema mawe, yeye anasema ng'ombe. Mngekubaliana kabla ya kupanda lori. Daktari alipiga picha, akaishika kwenye mwanga akatuonyesha: mfupa umepishana kama vidole viwili vilivyokaa kimoja juu ya kingine. Amesema akiachwa hivyo atachechemea maisha yake yote, na nyonga itafuata. Dawa ni moja tu, wauvunje tena kwa upasuaji na kuunyoosha kwa chuma. Amesema ufanyike kabla ya Krismasi, maana baadaye mfupa utakuwa mgumu mno.

Gradi amekataa.

Nilidhani anaogopa kisu. Nimemgombeza, Florent amembembeleza, bure. Jana jioni tulipokuwa tunachambua maharage ndipo aliponijibu, bila kuinua macho. Alisema, "Papa alisema ni miye nilivunja moto ya Twagirimana sababu sijue kuendesha. Njo ivyo watu wote wa kule wanajua. Sitaki nimuharibishie tena na mambo ya operasio."

Niliacha maharage. Nikamwambia anieleze yote, na sasa nayajua. Ulisoma barua yangu ya Julai. Ukaikunja, ukaiweka chini ya godoro. Gradi alikuuliza Bénita anasema nini, ukamwambia ninasalimia. Kulipokucha ukamwambia maziwa yasichelewe. Kwenye mteremko wa kwanza usukani ulitoka mikononi mwake pamoja na gurudumu la mbele, pikipiki ikawa vipande viwili, na bidoni zikampita juu. Alilala kwenye maziwa mpaka Byiringiro alipomkuta. Na wewe, kabla mguu haujafungwa mianzi, ulimwambia aseme hajui kuendesha, ili jina la Twagirimana lisiguswe.

Nakuchukia kwa hilo. Naandika nikijua maana ya neno. Umemvunja mtoto mara mbili, na mara ya pili ni wewe peke yako.

Sikuombi radhi wala siitaki yako. Nataka mambo mawili. Umwambie Gradi kwamba si yeye. Na useme ndiyo kwa daktari, kwa sababu ana miaka ishirini, anaweza kusema mwenyewe, lakini hatasema mpaka asikie kwako. Anakusubiri wewe. Kila mama Annonciata anapofika, anajikokota mpaka mlangoni.

Sina salamu.

Bénita


Kilolirwe, 3 Novemba 2025

Bénita,

Nakusalimu, na mtoto, na mume wako. Mama Héritière amesoma barua yako. Sikumpa, aliichukua. Tangu hapo ananipakulia chakula na kutoka nje.

Sitajibu yale uliyoandika. Kuna mambo mtoto hamwandikii mzee hata kama ni ya kweli, na siku nikishuka tutayaongea uso kwa uso.

Jumapili Twagirimana alikuja huku kuangalia ng'ombe wake, akasali kwetu. Misa ilipokwisha watu walisimama nje kama kawaida. Nilikuwa nimebeba kitu kwenye mfuko wa viazi. Ni shingo ya ile pikipiki. Niliikwaruza kwa msumari, kama ulivyosema. Kovu liko, limezunguka lote, ni nene kuliko kidole changu.

Nilikwenda mpaka mbele yake. Nilikuwa nimetafuta maneno tangu barua yako ifike, maneno ya kumwambia rafiki bila kumvua nguo. Nilipofika sikuyaona. Nilitoa chuma mfukoni nikamwambia mbele ya watu wote, "Twagirimana, hii njo shingo ya moto uliniuzisha. Ilikuwa imevunjika mbele ya kuiuzisha. Mutoto yangu iko mulemavu sasa."

Nilidhani atakana. Nilijiandaa kwa hilo. Nilidhani labda atalia, au aseme mwanawe alimficha, na ningemwamini, Bénita, nakwambia wazi ningemwamini na ningemshika mkono tena.

Hakukana. Hakukasirika hata. Alikipokea kile chuma, akakigeuza kwenye mwanga kama mtu anayekagua hindi sokoni, akanirudishia. Akasema, "Muzee, kila mutu anaangaliaka moto mbele ya kununua. Ata mutoto anajua ivyo. Weye juu ya nini haukuangalia?"

Vijana walicheka. Si wote. Nilimtazama usoni, nikangoja aone alichokisema. Hakuona. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Kwa desturi ningemrudishia ng'ombe, nikasema mbele ya wazee kwamba urafiki umekatika. Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi nyumbani. Lakini ng'ombe humrudishii mtu ambaye kwake ng'ombe aliyekupa alikuwa mnyama tu. Angewapokea akawahesabu, basi. Miaka hii yote nilikuwa nalinda kitu ambacho mwenzangu alishakiacha, na nilikilinda kwa mguu wa Gradi.

Usifurahi. Ukifurahi nitajua, hata kutoka huku.

Niliwaambia watu palepale, kabla hawajatawanyika, kwamba mwanangu anajua kuendesha. Byiringiro alisikia, paroko alisikia, na huyo mama Annonciata wako alikuwepo, atakuthibitishia. Barua hii msomee Gradi yote, na mahali hapa usome kwa sauti: pikipiki ilikuwa imevunjika kabla yako, mwanangu, na aliyepaswa kuitazama ni mimi.

Mwambie daktari auvunje mguu na kuunyoosha. Baba yake amesema ndiyo.

Harelimana